Moyo Dhaifu Si Moyo Uliokufa

Nikisema moyo wa Mama ulidhoofishwa na kidonda cha mguu, watu huniangalia kama nimechanganyikiwa. Kidonda na moyo, wapi na wapi? Hata sisi watoto tulidhani daktari anatuzungusha. Mishipa haikuwa imeziba, lakini picha ilionyesha moyo ukisukuma damu kwa shida.

Akatueleza polepole. Sepsisi ni pale mwili, ukipigana na maambukizi, unapoanza kujiumiza wenyewe. Ndani ya seli za misuli ya moyo kuna mitokondria, majiko madogo sana yanayojaza karibu thuluthi ya kila seli. Ndiyo yanayotumia oksijeni kutengeneza nguvu, na moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Sasa kemikali ambazo mwili humwaga kupambana na vijidudu, kama nitriki oksaidi, huyakwamisha majiko hayo. Oksijeni inafika, haitumiki. Kuni zimejaa uani, moto hauwaki.

"Kwa hivyo umekufa?" kaka yangu akauliza.

Bili ilikuwa inapanda. Mchango wa pili ulikuwa umekauka, na mjomba alishasema tumpeleke Mama nyumbani akapumzike.

"Haujafa," daktari akajibu. "Seli nyingi ziko hai. Wako wataalamu wanaodhani hupunguza kazi ili zisife. Mama akivuka siku hizi, moyo unaweza kurudi."

Nikauliza kama kuna dawa ya kuwasha hayo majiko. Hakuna. Kinachofanyika ni kuua vijidudu, kusaidia shinikizo la damu na kungoja. Hata maji ya mishipani hupimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wenye maambukizi makali waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa.

Tuliuza ng'ombe wawili, tukangoja. Siku ya kumi picha ikaonyesha moyo unasukuma karibu kama zamani. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mama hutania ati viatu sasa vinamtosha.

Si kila mtu hurudi. Inakadiriwa mwaka 2017 pekee sepsisi ilihusika na vifo milioni 11. Lakini najua kuna familia, usiku huu, imesimama kwenye korido ikihesabu pesa, na hakuna aliyewaambia kwamba moyo uliochoka bado unaweza kuwa hai.