Mradi Mmoja, Kompyuta Tofauti

Nilipoanza kuandika programu Dar es Salaam, seva yetu ilikuwa ya Linux, wakubwa wa timu walitumia Mac, na vijana wa mafunzo kwa vitendo walikuja na laptopu zao za Windows. Walioumia ni hao vijana. Ndani ya package.json, faili la mipangilio ya mradi wetu wa JavaScript, mlikuwa na mstari mmoja wa kujenga mradi:

rm -rf dist && NODE_ENV=production webpack

Kwenye Mac na Linux ulipita bila tabu. Kwenye Windows, npm, programu inayosimamia vifurushi vya mradi, huukabidhi mstari huo kwa cmd, ambayo amri ya rm haiijui. Ukiiondoa, inakwama tena kwenye NODE_ENV, ikidhani nayo ni amri. Kijana anashinda asubuhi nzima akijiona hajui kazi, kumbe mstari haukumfikiria kabisa. Jambo hilo liliniuma.

Tukaongeza vifurushi viwili, rimraf cha kufuta mafolda na cross-env cha kuweka NODE_ENV, mradi ukajengeka kote. Ila kila kifurushi unachoongeza ni mtu mwingine unayemtegemea. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake kwenye npm, kimojawapo left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi chungu nzima duniani ikagoma kujengeka mpaka kiliporudishwa. Tangu hapo nimekuwa mgumu kukubali kifurushi kipya kwa kazi ndogo. Node ilipopata fs.rmSync ya kufuta mafolda mwaka 2020, nilihamishia hatua zote za ujenzi, pamoja na kuweka NODE_ENV, kwenye faili moja la JavaScript, njia za mafaili zikiunganishwa kwa path.join. Rimraf na cross-env tukaviaga.

Lipo pia suala la matoleo. Alama ya ^ mbele ya namba huruhusu toleo jipya kuingia kimyakimya, ndiyo maana package-lock.json, faili la kurekodi matoleo kamili lililokuja na npm 5 mwaka 2017, halikosi kwenye Git yetu, nasi tunasakinisha kwa npm ci, inayolifuata lilivyo. Yaliyokwisha kupakuliwa npm huyatoa kwenye akiba yake, na kwa kijana anayejinunulia bando, hilo si jambo dogo.

Linalonisumbua hadi leo ni herufi kubwa na ndogo. Msimbo ukiita ./Malipo na faili likawa malipo.js, Windows na Mac kwa kawaida hukubali. Seva ya Linux hukataa. Kwa hiyo kila badiliko sasa linajengwa kwanza kwenye Linux na Windows, ndipo liunganishwe. Na mgeni wa timu, siku ya kwanza, anaendesha npm ci na npm run build tu. Zikigoma, tunarekebisha skripti kabla ya kumpa kazi nyingine.