Bahari Katikati ya Ohio

Dada mpendwa,

Baridi ya huku Cincinnati si ile ya Lushoto mwezi wa Julai. Hii inapenya glavu mpaka kwenye mifupa. Ijumaa jioni wenyeji wangu walinilisha chakula wanachojivunia: tambi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama ya kusaga, na juu yake lundo la jibini. Tonge la kwanza tu, mdalasini! Kumbe upishi huo ulianzishwa mwaka 1922 na wahamiaji kutoka Makedonia. Nikaikumbuka pilau ya nyumbani, machozi yakanilengalenga.

Jumamosi tukaenda makumbusho, ndani ya Union Terminal, stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 1933, yenye nusu kuba kubwa ajabu. Mimi nilinaswa na visukuku: wanyama wasio na uti wa mgongo, wa eneo hilihili, wa miaka kama milioni 450 iliyopita. Enzi hizo Cincinnati ilikuwa chini ya bahari ya maji vuguvugu, tena kusini mwa ikweta, upande wetu kabisa! Leo ufukwe wa bahari ulio karibu uko umbali wa mamia ya kilomita.

Mmoja wa wanyama hao, trilobiti aitwaye Flexicalymene, alinisimamisha muda mrefu. Anaenea kiganjani. Amejikunja kama jongoo aliyeguswa, kichwa kimekutana na mkia, pingili zinahesabika, macho yametokeza. Alijihami, tope likamfunika, na hakujikunjua tena. Ndugu yake mkubwa, Isotelus, ni kisukuku rasmi cha jimbo la Ohio tangu 1985.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba watu wa kawaida ndio waokotaji wakuu wa visukuku huku. Chama chao, Dry Dredgers, kipo tangu 1942. Jumapili tukafika Trammel Fossil Park, Sharonville: hakuna kiingilio, na ulichookota ni chako. Karibu kila jiwe nililogeuza lilijaa makombe ya brakiopodi na vijitawi vya briozoa vyenye vitundu vidogo mno. Mtoto mmoja akanitajia majina ya visukuku hivyo, moja baada ya jingine.

Dada, wewe unafundisha Lindi, na Tendaguru iko huko. Wengi wanaijua mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin. Wachache wanajua kwamba baina ya matabaka yale ya mifupa yamo matabaka ya bahari, yenye makombe. Kwetu kuchimba bila kibali hakuruhusiwi, na ni haki. Lakini kutazama hakujakatazwa. Waombee wanafunzi wako ruhusa, uwapeleke.