Gauni la Biharusi na Maji ya AC



Leo siandiki habari ya shela wala mitindo ya mikono. Naandika habari ya gari, na msinicheke, maana gari hiyo karibu inivunjie jina nililolijenga kwa sindano na uzi miaka yote hii. Humu najua tuko wengi tunaojiendesha wenyewe siku hizi, tunabeba watoto, tunabeba biashara, na gari ikianza kulia hatujui inalia nini.

Wanaonifahamu wanajua nashona magauni ya biharusi hapa Unguja. Nilimaliza fomu foo, nikasoma kozi ya ushonaji, nikaanza na cherehani ya miguu kwenye ukumbi wa mama yangu. Gari nilikuja kununua baadaye, ndogo tu, iliyokwishatumika Japani, na niliinunua kwa ajili ya kazi. Gauni jeupe halipandi daladala. Na AC kwangu si anasa: kipindi cha kaskazi ukifungua kioo unaingiza vumbi, ukifunga unatota jasho, na jasho la mkono likigusa satini limeshaandika.

Dalili zilianza mapema, mimi ndiye nilizidharau. Nikikata kona nasikia ndani ya dashibodi maji yanacheza, chwa chwa, kama mtu anayetikisa dafu. Nikaongeza sauti ya redio. Ikaja harufu, ile ya nguo iliyokunjwa mbichi. Mzanzibari nikasema dawa yake udi. Nikafukiza, nikaning'iniza na asumini. Gari ikanukia udi juu ya uvundo. Asubuhi vioo vinaingia ukungu kwa ndani, nikafuta kwa mtandio, safari ikaendelea.

Mwishowe nikaenda kwa fundi mmoja. Hakufungua kitu. Aliweka mkono mbele ya tundu la hewa, akasema, "Dada, gesi imekwisha." Akajaza, nikamlipa 60,000. Baridi ikawa ile ile niliyokuja nayo. Sikujiuliza kwa nini, kwani nguo zilikuwa zinaningoja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Biharusi wangu alikuwa wa Makunduchi, ndoa Ijumaa baada ya Alasiri. Kiti cha nyuma kilijaa sare za ndugu zake, kwa hiyo gauni nikalitia kwenye mfuko wake wa zipu, nikalitundika kwenye kishikio kilicho juu ya mlango wa abiria wa mbele, mkia nikaukunja vizuri ukalala chini pale abiria anapoweka miguu. Nikawasha AC mpaka mwisho. Kutoka mjini hadi kule ni mwendo wa zaidi ya saa moja, na mimi njia nzima najipongeza kwamba nguo itafika haina hata kunyanzi.

Nimefika, nimeunyanyua mfuko, mzito kwa chini. Nikadhani mkono wangu umechoka. Nikafungua zipu: maji yamepita, satini imeyanywa kama utambi unavyokunywa mafuta, na kwenye pindo kumechoreka duara la rangi ya chai, robo ya mzunguko mzima. Ile ni taka ya kapeti, miguu ya wateja wangu wote wa mwaka ule.

Nitasema kweli yangu. Nilisimama pale uani nikafikiria kuficha. Wanawake wote walikuwa ndani kwenye hina, hakuna aliyeniona. Ningeweza kupandisha pindo kwa ndani, nikasema ndio mtindo wenyewe, na kweli pengine lisingeonekana mpaka Jumamosi. Lakini yule binti alilipa kwa kudunduliza, elfu kumi kumi, kila akija ananiambia "dada, hii iandike." Gauni lile lilikuwa amana. Miguu ikawa mizito, nikamwita mama yake nje, nikamfungulia, nikamwonyesha.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, kesho ndiyo ndoa. Sasa tufanye nini?" Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

Binti alilia kidogo, somo wake akamtuliza. Nikaomba cherehani kwa jirani. Nikakata vidole vinne mzunguko mzima, bitana alhamdulillah haikuguswa sana, nikaunga ukanda wa lesi iliyobaki kwenye mikono, ambayo kwa bahati nilikuwa nayo kwenye mkoba. Sindano ilikuwa butu mpaka ikanibidi niinoe. Nilimaliza karibu na adhana ya Alfajiri. Na fedha za ushonaji nikazirudisha nusu. Mama mtu alikataa, nikaziacha chini ya kawa.

Asubuhi nikafungua milango yote ya gari nianike kapeti. Akapita mzee mmoja, jirani yao, dereva wa malori zamani. Akaniuliza, "Gari imeingia bahari, mwanangu?" Nikamwambia inavuja, na gesi nimeshajaza. Akacheka. "Baridi ilikuwapo?" Ilikuwapo. "Basi gesi ilihusu nini?"

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyofahamu. Ndani ya dashibodi, upande wa abiria, mna kipoozeo kinachoitwa ivaporeta. Hewa ya kisiwani kwetu imejaa unyevu, ikigusa kile chuma baridi inatoa maji, kama bilauri ya maji ya barafu inavyotoa jasho mezani. Maji hayo yanadondokea kwenye sinia yake, yanapita kwenye mpira mdogo, yanamwagika chini nje ya gari. Kwa hiyo yale matone unayoyaona chini ya gari ukiegesha baada ya kutumia AC ni dalili ya uzima. Yakikosekana siku ya joto, na AC inafanya kazi, hapo ndipo uulize yamekwenda wapi. Mimi nilipoacha kuyaona nilifurahi, nikasema gari imepona.

Mpira ule huziba kwa vumbi, majani, tope, hata wadudu hujenga humo. Sinia likajaa, ndiyo ile chwa chwa yangu, likafurika, maji yakashukia miguuni mwa abiria. Na feni ya AC nayo kwenye magari mengi iko upande huo huo nyuma ya droo, ikirowa inaweza kufa, na hapo bei si ya mpira tena.

Mzee alinipa njia ya kupima. Egesha pakavu, washa AC kwa dakika 15 mpaka 20 vioo vimefungwa, kisha chungulia chini. Pakavu kabisa, na kapeti ndani linarowa, basi mpira umeziba. Lakini kabla hujasema ni AC, yaguse maji yenyewe. Maji ya AC hayana rangi wala utelezi (yangu yalipata rangi kwenye kapeti, ndiyo maana gusa yanapotonea, sio yalipolala). Yakiwa ya kijani au mekundu, yanateleza, yananukia utamu utamu, hayo ni ya kupozea injini, yanatoka kwenye rejeta ndogo ya hita, na usiendelee na safari ukaja kuunguza injini. Na kapeti likirowa siku za masika tu, AC hata hujaiwasha, tazama mpira wa kioo cha mbele na milango, na majani yaliyojazana chini ya waipa.

Yangu aliizibua pale pale. Kwenye gari yangu mpira unafikiwa kutoka chini, upande wa abiria, zingine hufikiwa kwa kufungua boneti. Aliingiza waya mwembamba laini taratibu, akanikataza kusukuma kwa nguvu maana ukitoboa ivaporeta umenunua balaa. Likatoka donge la tope na utando, kisha maji yakamwagika kama birika iliyopinduliwa, nikashangaa yote hayo nilikuwa nayo kifuani mwa gari. Gereji wanaweza kupiga upepo wa kompresa, lakini uwe mdogo, ukizidi unauchomoa mpira kwa ndani. Na tafadhali, mwanamke au mwanamume, usiingie chini ya gari iliyonyanyuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi, au mwachie fundi.

Akatoa na chujio la hewa nyuma ya droo. Lilikuwa jeusi, lina na manyoya. Chujio likijaa hivyo hewa haipiti, ivaporeta huweza kuganda barafu, na ikiyeyuka maji yanakuja kwa mkupuo. Nilinunua jipya mjini wiki ile ile.

Kukausha ndiko kulikonichosha. Kapeti juu lilikuwa kavu siku ya pili, lakini chini yake mna sponji nene, na humo maji yalikaa karibu wiki nzima. Usidanganyike na kapeti la juu. Linyanyue, na chini yake mna nyaya na viunganishi vya umeme ambavyo havipendi kukaa majini. Nilianika gari milango wazi kila jua likitoka, naweka gazeti, nalitoa limelowa, naweka jingine. Harufu ikaondoka, nikatupa na asumini iliyokauka. Siku hizi dakika chache kabla ya kufika nazima AC, naiacha feni ipulize, kile chuma kikauke.

Shoga yangu mmoja aliniuliza kama nguo iliyodondokewa na maji hayo inasaliwa. Maji yametoka hewani, si najisi. Labda kama kapeti lenyewe lilikuwa na najisi, na hilo unalijua wewe na watoto wako.

Yule mzee nilitaka kumlipa, akakataa. Akasema ana kanzu imemwagikia chini, inazoa mchanga kila akienda msikitini, kama naweza kuipunguza. Nikaipunguza pale pale, kwa ile cherehani ya sindano butu, akaivaa kwenda Ijumaa, na jioni nikamwona kwenye ndoa amekaa safu ya mbele. Biharusi alipotolewa, wifi yake mmoja aliniuliza ile lesi ya kwenye pindo inauzwa wapi.