Mtu Mzima na Mbio Zake

Katika nchi ya Kenya si ajabu kumwona mtu akikimbia barabarani alfajiri. Tangu Wilson Kiprugut Chumo alipoipatia nchi hii nishani yake ya kwanza ya Olimpiki katika mji wa Tokyo mwaka 1964, mbio zimekuwa sifa ya taifa, na kila mtu hudhani kwamba mkimbiaji ni kijana mwembamba ambaye akipita huacha vumbi tu. Lakini mtu mzima wa miaka 51, mwenye upara na kitambi kidogo, apitapo Dagoretti Corner saa kumi na moja na nusu alfajiri akihema kama ng'ombe wa kulima, walinzi wa usiku humwuliza swali moja tu: "Mzee, unakimbizwa na nani?"

Mtu huyo ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Nairobi, na hapa ataitwa Mwalimu tu, maana ndivyo majirani wote wamwitavyo. Swali la walinzi amezoea kulijibu kwa kucheka na kuinua mkono. Lakini mwaka 2024 ulipokuwa unakwisha, aliketi na daftari lake la mbio, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akaona kwamba swali lile lilikuwa la haki, na kwamba kwa muda mrefu yeye mwenyewe hakuthubutu kulijibu.

Katika utoto wake huko Kisii, mkimbiaji wa nyumba yao hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake, aliyemzidi kwa miaka minne. Wazee wa huko walipenda sana kuzungumza habari za Nyandika Maiyoro, Mkisii aliyekwenda Vancouver mwaka 1954, na Melbourne mwaka 1956, ambako alikuwa wa saba katika mbio za mita 5,000. Walipomtazama yule kijana akishinda mashindano ya shule bila viatu, walisema Maiyoro mwingine amezaliwa. Kazi ya Mwalimu, aliyekuwa mzito wa miguu tangu utotoni, ilikuwa kusimama mwisho wa uwanja na kumshikia kaka yake sweta.

Kaka huyo hakufika Olimpiki. Alioa, akafanya biashara ya ndizi, akanenepa. Kichwa kilipomwuma alimeza kidonge cha maumivu akaendelea na kazi. Mwaka 2021 kiharusi kikamwangusha, kikampooza upande wa kuume na kuufanya ulimi wake mzito. Miezi michache baadaye Mwalimu naye alipimwa, akaambiwa kwamba damu yake ina presha. Daktari alimpa dawa za kumeza kila siku, akamshauri apunguze chumvi na aunyoshe mwili. Ndipo alipoanza kukimbia, kwanza kutoka mlingoti mmoja wa taa hadi wa pili, halafu akatembea, halafu akakimbia tena. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya miaka miwili aliweza kutoka Dagoretti Corner hadi Karen na kurudi bila kusimama.

Mwaka 2024 alikusudia kuufanya mwaka wa mashindano: kilomita 21 mwezi wa Februari huko Moshi, kilomita 21 mwezi wa Juni huko Lewa, na mwezi wa Oktoba kilomita 42 kamili jijini Nairobi. Alinunua daftari la shule, akalipiga mistari ya safu tatu: tarehe, masafa na muda.

Mwaka ulianza kwa msiba. Jumatatu ya tarehe 12 Februari watu waliamka na habari kwamba Kelvin Kiptum amefariki usiku ule katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na mkufunzi wake kutoka Rwanda, Gervais Hakizimana. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Miezi minne tu kabla ya hapo, huko Chicago, alikuwa amekimbia marathoni kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, muda ambao hapana mtu aliyekuwa ameufikia katika mashindano ya marathoni. Siku ile Mwalimu aliacha somo la hesabu lililokuwa kitabuni, akaandika muda huo ubaoni, akawaagiza watoto waugawanye. Walipata kwamba Kiptum alikimbia kila mita 100 kwa sekunde 17 na kidogo, akafanya hivyo zaidi ya mara 400 mfululizo. Wakatoka uwanjani kujaribu. Wengi hawakuweza hata mara moja.

Msiba huo ulimwingia sana, lakini alijifunza kwao somo lisilo sahihi. Alijiambia kwamba maisha ni mafupi, basi na aongeze mwendo.

Wiki mbili baadaye alipanda basi, akavuka mpaka Namanga, akafika Moshi jioni. Alfajiri aliuona mlima wa Kilimanjaro umesimama wazi juu ya mji. Njia ya kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka, kisha hugeuka na kuteremka mjini. Alipanda kwa taabu, akateremka kwa furaha, akamaliza kwa saa 2 na dakika 19. Kwa hesabu ileile ya watoto, ni karibu sekunde 40 kwa kila mita 100. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamekwisha mtangulia. Kaka yake alipiga simu, akauliza polepole kwa ulimi wake mzito, "Wa ngapi?" Mwalimu akajibu, "Nyuma ya watu wengi." Akasikia kicheko upande wa pili, na kicheko hicho kilikuwa adimu tangu ugonjwa ulipoingia.

Mwezi wa Machi alipimwa presha, ikaonekana nzuri. Hapo ndipo alipokosea. Alidhani amepona. Mwezi wa Aprili ilikuja mvua kubwa, mito ya Nairobi ikafurika, watu wakapoteza nyumba na maisha, na shule zikachelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Katika siku hizo za kukaa nyumbani dawa zilimwishia, naye hakwenda kuchukua nyingine. Mkewe alipouliza, alisema anazo. Hakuona kwamba ni uongo. Aliona ni siri ndogo ya mtu aliyeushinda ugonjwa, na kila alfajiri alipokimbia kwenye matope aliihesabu kuwa ushahidi.

Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, hukimbiwa ndani ya hifadhi ya wanyama, na fedha zinazopatikana husaidia hifadhi na watu wanaoishi kandokando yake. Helikopta huzunguka angani na askari wenye bunduki hulinda njia, ili mkimbiaji asije akakutana na kifaru au simba. Njia ni ya udongo na vilima, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na jua likisha panda hapana kivuli. Mwalimu alikwenda pamoja na mwalimu mwenzake mwenye umri wa miaka 28. Alikuwa amekusudia kumwandama kijana huyo kwa vyovyote vile. Alipita meza ya maji ya kwanza bila kunywa ili asiachwe, akapita na ya pili. Kwenye kilomita ya 16 aliona barabara inainama upande mmoja. Alipofumbua macho alikuwa amelala hemani, na mtu amemfunga mkono kwa kipimo cha presha.

Daktari aliyemhudumia hakumkaripia. Alimwuliza anatumia dawa gani, na Mwalimu, ambaye kwa miaka zaidi ya 20 ameadhibu watoto kwa kusema uongo, aliinamisha kichwa akasema kweli. Daktari akamweleza kwa utulivu: "Mwezi wa Machi kipimo kilikuwa kizuri kwa sababu ya mbio na dawa pamoja. Wewe umezipa mbio sifa zote, dawa ukainyima. Leo umeongeza jua na kiu juu yake." Akamwambia pia kwamba ana bahati kuamka akiwa na viungo vyote.

Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko mengine, maana alijua vizuri mtu asiyeamka hivyo anavyokuwa.

Mkewe alipewa habari kwa simu. Mwalimu aliporudi nyumbani alikuta chakula mezani, na kando ya sahani kibweta kitupu cha dawa. Mama huyo hakupaza sauti. Alisema, "Baba Watoto, nimekuuguza wewe na nimesaidia kumwuguza kaka yako. Niambie, ulikuwa unakimbilia wapi?" Mwalimu hakuwa na jibu. Katika daftari, mbele ya tarehe ile ya Juni, safu ya muda iko tupu hata leo.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, alikwenda Kisii kumtazama kaka yake. Jumamosi ya tarehe 10 waliketi pamoja mbele ya televisheni kutazama marathoni ya Olimpiki kutoka Paris. Eliud Kipchoge, mwenye miaka 39, aliyeshinda Rio mwaka 2016 na tena katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alikuwa anatafuta ushindi wa tatu. Lakini mgongo ulimwuma, akabaki nyuma, na baada ya kilomita 30 na kidogo akaacha kukimbia. Katika marathoni zake zote hakuwa ameacha njiani hata mara moja. Alionekana akitembea kando ya barabara, watazamaji wamemzunguka, akiwagawia vitu vyake vya mbio.

Mwalimu aliona huzuni, akataka kuzima. Kaka yake akamzuia kwa mkono wake wa kushoto. Alichukua muda kuyapanga maneno, kama ilivyo kawaida yake sasa. Akasema, "Mwache. Amesimama mwenyewe." Akapumzika kidogo, kisha akaongeza, "Mimi nilikataa kusimama. Nikasimamishwa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mwalimu alirudi nayo Nairobi. Alitambua kwamba muda wote ule alikuwa anakimbia mbali na kitanda cha kaka yake. Kila kilomita aliihesabu kuwa umbali kati yake na ugonjwa ule, na kila kidonge alichokiacha alikihesabu kuwa ushindi. Kumbe ugonjwa ulikuwa mwilini mwake, ukikimbia naye hatua kwa hatua, na hapana mwendo wa kuuacha nyuma. Lililobaki ni kukubali kwenda nao kwa adabu, apimwe kwa wakati wake, ameze dawa kwa wakati wake, na akimbie kwa kadiri ya nguvu zake. Akaongeza safu ya nne katika daftari. Juu yake aliandika neno "Dawa," na kila asubuhi alitia alama ya kalamu nyekundu, kama asahihishavyo kazi za wanafunzi.

Mbio za Nairobi, zilizoanza mwaka 2003, zilipowadia mwisho wa Oktoba, hakukimbia kilomita 42 kama alivyojigamba mwanzo wa mwaka. Daktari wake alimruhusu kilomita 21, kwa sharti la kutembea kila apandapo kilima na kunywa maji kila ayaonapo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika barabara ya Southern Bypass vijana walimpita kama magari, wazee walimpita, na mama mmoja mnene mwenye kilemba alimpita akimpungia mkono. Kila alipotembea kiburi kilimwuma kidogo, kisha kikanyamaza. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 43, yaani dakika 24 zaidi ya muda wa Moshi. Mtu akisoma daftari kwa safu ya muda peke yake, atasema kwamba Mwalimu alirudi nyuma mwaka ule. Mkewe, aliyekuwa amesimama mwishoni mwa njia na sweta mkononi, hakusoma safu hiyo. Alimtazama usoni, akamwona anatembea sawasawa, akamvika sweta.

Wako watu wazima wengi siku hizi walioanza kukimbia, na ni jambo jema. Lakini wengi wao wanafanana na Mwalimu wa mwezi wa Juni. Hupimana na vijana, huficha maradhi yao, na huona aibu kusimama. Mtu akiwa kijana hukimbia ili wengine waone nguvu zake. Akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na ada za shule, mbio zake zina kazi nyingine. Inampasa arudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na kesho yake aweze kutoka tena.

Mwezi wa Desemba Mwalimu alikwenda Kisii kwa Krismasi. Asubuhi moja kaka yake alishika fimbo, akasema anataka kutembea kutoka mlangoni hadi lango la boma bila kushikwa na mtu. Ni hatua zipatazo 70. Kwanza alivua sweta, akampa Mwalimu amshikie. Wote wawili walicheka, maana hapakuwa na haja ya kuelezana.

Alikwenda polepole, mguu wa kuume ukiburura mchanga. Alisimama mara mbili kupumua, akaendelea. Mwalimu alitembea kando yake akiwa na sweta begani na saa mkononi. Kaka mtu alipolishika lango, jasho likimtoka, hakuuliza kama kawaida yake amekuwa wa ngapi. Aliuliza, "Dakika ngapi?"

"Nne na sekunde kumi."

"Andika."

Mwalimu akafungua daftari juu ya lango, akaandika tarehe, masafa na muda. Kisha akamwuliza kaka yake kama amemeza dawa ya asubuhi. Alipojibiwa kwamba ameimeza, akatoa kalamu nyekundu, akatia alama katika safu ya nne.