Pamba Masikioni

Mtu wa Pwani akikaa bara miaka mingi, siku atakayorudi kwao huulizwa mambo mawili: kama ameoa huko, na kama amejifunza ngoma zao. La kwanza kwangu lilikuwa jepesi, maana mke wangu nilitoka naye Unguja. La pili nimekuwa nikilijibu kwa mzaha tangu niliporejea mwaka 2014, na leo nahisi si haki kuuendeleza mzaha huo, hasa mbele ya wasomaji wanaoijua thamani ya neno la mshairi, awe mshairi wa nahari au mshairi wa jembe.

Nilifika Bariadi mwaka 1998. Zama hizo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi tangu mwaka 1994, nami nilipata ukarani kwa mnunuzi mmoja ambaye sitamtaja. Mchana nilikuwa mbele ya mizani, usiku mbele ya kamusi. Kiingereza changu ni cha kujifundisha, na tafsiri zangu za mwanzo za mashairi nilizifanya huko, kwa taa ya chemli, juu ya migongo ya karatasi za stakabadhi.

Nchi ya Bariadi ni ya uwazi. Migunga imesimama mbalimbali kama watu waliogombana, na wakati wa kiangazi wanawake huchimba mchanga wa mto uliokauka hadi maji yajitokeze taratibu, wakayachota kwa kata. Mimi niliyezaliwa nikisikia bahari niliipenda nchi ile kwa shida. Watu wake niliwapenda mara moja. Nikishasema hivyo lazima niongeze kwamba kulikuwa na miezi miwili au mitatu kila mwaka ambayo sikujua niwapende vipi.

Mavuno yakishaingia na fedha ya pamba ikishapatikana, kuanzia mwezi wa Juni, Wasukuma hucheza. Neno "hucheza" ni dogo mno. Ngoma zao, ambazo wao huziita mbina, huchezwa kwa mashindano, na tangu enzi za mababu wamegawanyika pande mbili: Wagika na Wagalu. Simulizi husema kwamba katika karne ya 19 walikuwako mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, waliobishana ni nani zaidi, na wafuasi wao hawajamaliza ubishi ule hadi leo. Makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi na ngoma zake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo mtazamaji hayuko nje ya mchezo. Miguu yake ndiyo kura.

Ndipo huonekana kila kinachoweza kumvuta mwanadamu. Wacheza bugobogobo huyarusha majembe juu na kuyadaka bila kupotea mapigo, na Wayeye huingia na chatu shingoni. Na juu ya yote yuko mtunzi, ambaye wao humwita ningi. Sisi tungemwita manju, au shaha. Huyu hutunga kwa ajili ya msimu: humsifu aliye wake, humkashifu mpinzani, na katikati humchomoa mtu yeyote wa mjini anayestahili kusemwa. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada aliyaingiza mashindano haya katika sikukuu ya Ekaristi, nayo yakapata jina la Bulabo, yaani maua. Lakini ya Bariadi na vijiji vyake niliyoyajua mimi hayakuwa na padri wala maua. Yalikuwa na vumbi.

Sisi wakaazi wa kuja, tuliotoka kila upande wa nchi, kila mtu alikuwa na lake. Mwenye duka kutoka Kilimanjaro aliusubiri msimu kwa hamu ya mauzo na kuulaani kwa hofu ya wezi, pengine katika sentensi moja. Mwalimu aliyekuwa jirani yangu alilalamika kwamba watoto hawaonekani darasani. Jioni nilimwona mstari wa mbele akipiga makofi. Muuguzi mmoja wa Bukoba alijitangaza kuwa Mgalu na akacheza kuliko wenyeji. Nimesoma kwamba hali ni hiyo hiyo hata mbali. Huko Thailand, katika mwaka mpya wao wa Songkran, katikati ya mwezi wa Aprili, watu humwagiana maji njiani siku kadhaa, na mwaka 2023 UNESCO iliitia sikukuu hiyo katika orodha yake ya urithi. Wageni waliohamia huko hugawanyika: wapo wanaojaza ndoo, na wapo wanaofunga safari, au mlango, mpaka barabara zikauke.

Mimi nilikuwa mtu wa kufunga mlango.

Sababu nilikuwa nazo, na baadhi yake bado nazitetea. Nilisema ngoma zinaninyima usingizi. Nilisema pombe imezidi. Zaidi ya yote nilisema dawa, maana kila kundi lilikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na Usukuma wa miaka ile ulikuwa na msiba mkubwa unaohusiana na imani hizo: vikongwe, kina mama wenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia, waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Dawa ya uwanjani haikuwa panga la usiku, hilo nalijua, na wachezaji wenyewe wangenishangaa kuyachanganya. Hata hivyo mtu aliyesikia kilio cha nyumba ya tatu kutoka kwake hapati wepesi wa kulifurahia neno dawa, hata likiimbwa vizuri namna gani.

Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akinipitia kila mwanzo wa msimu. "Mwangaluka," husema, nami humjibu vivyo hivyo, kisha huniuliza mwaka huu nitasimama upande gani. Nikimjibu kwamba mimi ni mgeni, sina upande. Alikuwa akicheka kwa adabu. "Una miaka kumi hapa. Mgeni ni siku mbili, mwanangu." Methali ile ni yetu, na kurudishiwa na Msukuma kulinichoma. Tena nikaona haya kwa sababu nyengine. Mama yangu ni mtu wa Makunduchi. Kwetu, siku ya Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa magogo ya migomba, pande mbili, mpaka hasira za mwaka mzima zimalizike. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake hupita na nguo zao nzuri wakiimba nyimbo ambazo siku nyengine zingevunja ndoa. Na watu wa Makunduchi huona haifai nyumba ikose mgeni siku hiyo. Nilipokuwa kijana niliwachukia wale waliokuja na kamera zao, wakasimama pembeni kama wanaoangalia samaki sokoni, wakaondoka kabla ya kula. Sasa mimi Bariadi sikuwa hata na kamera. Nilikuwa nyuma ya mlango.

Msimu wa mwaka 2010 uwanja ulikuwa karibu na nyumba yetu kuliko miaka mingine, na usiku mmoja nikasikia neno Mpemba katika wimbo. Huko bara kila mtu wa Visiwani ni Mpemba. Nilishachoka kueleza kwamba mimi ni wa Unguja. Likaja tena, na tena, na kila likija uwanja ulipasuka kwa kicheko. Kisukuma changu kilikuwa cha mizani, yaani salamu, hesabu na bei. Lugha ya ningi ni ya mafumbo na huenda mbio. Nikamwita binti yangu, aliyezaliwa hapo hapo Bariadi, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, na Kisukuma kilikuwa lugha yake ya kuchezea na kugombana.

"Wanasema nini?"

Alisikiliza hadi wimbo ulipozunguka. Nakumbuka aliinamisha kichwa kama mimi ninapotafuta neno. "Wanasema Mpemba amelala," akaniambia. "Haji kwenye ngoma kwa sababu amechoka, baba. Amechoka kwa kupima pamba yao."

Niliridhika. Naam, nilifurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba watu hawa wana utu kuliko nilivyodhani, kwamba wameniona. Nilitaka hata kuutia wimbo huo katika tafsiri zangu. Mke wangu hakunijibu.

Miaka tisa ikapita. Mwaka 2019 maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, nami nikapata nafasi ya kwenda kuwaona jamaa. Nilikuta mabanda, vipaza sauti, na kundi la bugobogobo likicheza kwa dakika chache zilizopangwa katika ratiba, mbele ya viti vya wakubwa, halafu likapisha kwaya. Wenyewe walicheza vizuri. Ila hapakuwa na kundi la pili, na watazamaji tulikaa mahali tulipowekwa. Hapakuwa na wa kumkimbia wala wa kumkimbilia. Kwa mara ya kwanza nilizikumbuka zile ngoma za usiku kwa hamu, jambo ambalo sikulitegemea.

Hapo mtu mmoja wa makamo alinishika bega. Alikuwa mkulima niliyempimia pamba misimu mingi. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli, akawaita wenzake, akasema, "Huyu ndiye Pamba Masikioni!" Wote wakacheka, na wawili wakaanza kuuimba. Nikawaomba wanifasirie. Waliona haya kidogo, kisha wakanifasiria. Mpemba haji kwenye ngoma kwa sababu hasikii. Hasikii kwa sababu ameziba masikio kwa pamba. Na pamba yenyewe si aliyonunua, ni ile iliyobaki kwenye mizani.

Msomaji wa Pwani huenda haijui historia ya Wasukuma na mizani. Ni chungu, na ni ya zamani kuliko mimi. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipunjwa kwenye vituo vya kununulia pamba enzi za ukoloni mpaka wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, na malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyozaa ushirika ulioongozwa na Paul Bomani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ningi hakuwa anabuni tashbihi ya kupendeza. Alikuwa anatoa ushahidi.

Na ushahidi ulikuwa wa kweli. Mizani yetu ya kuning'iniza ilikuwa na skrubu ndogo ya kuirejesha mshale kwenye sifuri, na mshale wetu haukuanzia kwenye sifuri. Sikuikaza mimi. Niliikuta, nikaijua katika msimu wangu wa pili, nikaandika nilichosoma. Kila gunia lilipungua kilo moja au mbili, na mwisho wa msimu niliitwa ofisini nikapewa bahasha iliyoitwa ya pongezi. Nilikuwa na karo ya skuli na nauli za kurudi Unguja. Nililala usingizi miezi tisa ya mwaka. Ile mitatu ya ngoma sikulala, na nikasema ni kelele.

Najua kutakuwa na atakayeniuliza iwapo chuki yangu yote kwa sikukuu ile ilikuwa hofu ya kusemwa. Si yote. Vile vilio vya vikongwe nilivisikia kweli. Lakini katika miaka kumi na sita sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayekesha na kamusi akitafuta neno sahihi la mshairi wa Uingereza hakutaka kufungua dirisha amsikie mshairi aliye hatua mia kutoka kitandani kwake, tena anayemtungia yeye.

Niliporudi Unguja nilimpigia simu binti yangu. Yuko Mwanza sasa, anafanya kazi hospitali. Nilimuuliza kama anaukumbuka wimbo.

"Naukumbuka."

"Neno 'amechoka' lilikuwemo?"

Akanyamaza. "Halikuwemo, baba."

"Mbona ulinifasiria hivyo?"

"Nilikujua. Ungetoka nje ukajibizane nao. Na Jumatatu mimi ningekwenda skuli na nani? Wale wanaoitikia walikuwa mama zao wenzangu." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kama anayeniomba radhi, "Tena niliona umechoka kweli."

Nimefasiri kwa miaka thelathini. Nimewahi kusamehe mistari mibovu kwa kuwa mtunzi alikuwa amekufa, na kulainisha tusi kwa kuogopa mhariri. Sijawahi kumlainishia mtu kwa kumhurumia, na sijui kama ningeweza kuchagua neno moja tu, kama alivyochagua mtoto yule, likaziba tundu lote.

Nikamwomba aniimbie wimbo wenyewe, polepole, niuandike. Alikataa, akasema watu watamsikia wodini. Nikamsihi. Mwishowe akaanza, kwa Kisukuma safi ambacho sitakifikia maisha yangu, nami nikaweka simu mezani sauti iwe kubwa, nikashika kalamu. Mama yake alikuwa jikoni anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Kiitikio kilipofika, akakipokea.