Gari Nililonunua kwa Macho

Msomaji wangu, kuna vitu ambavyo mtu huvinunua kwa macho akavilipia kwa miaka. Mimi nilinunua kimoja. Kilikuwa gari kubwa, refu la kimo, lenye kupeleka nguvu katika magurudumu yote manne. Nataka kukusimulia habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, yamkini siku moja nawe utatamani kununua gari lililokwisha kutumika, maana magari mengi ya barabara zetu yalianza kutembea katika nchi za mbali, hasa Japani, kabla ya kushushwa katika bandari ya Mombasa. Pili, gari lile lilinionyesha jambo katika nafsi yangu ambalo sikupenda kuliona.

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu Wundanyi, katika milima ya Taita. Anayeijua njia itokayo Mwatate kupanda huko anazijua kona zake na miinuko yake. Nilihitaji gari la kumteremsha mama yangu hospitalini, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kumshinda. Na siku za mapumziko nilikusudia kuchukua mboga za wakulima na kuzipeleka Voi na Mombasa. Akiba yangu haikutosha. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amestaafu mwaka ule, alinipa nusu ya kiinua mgongo chake. Hakuandika hati wala hakuita shahidi. Alisema tu, "Utanirudishia, ndugu yangu, mboga zikikubali."

Nilishuka Mombasa, nikaelekezwa kwa mtu mmoja aliyekuwa na gari la kuuza. Lilikuwa jeupe, limeoshwa likang'aa, na viti vyake vilikuwa vya ngozi. Niliufungua mlango nikaufunga, nikaupenda mlio wake mzito. Nilipoweka mkono juu ya boneti niliikuta ina moto. Mwenyewe alisema alikuwa ametoka sokoni. Sikujua wakati ule kwamba baadhi ya maradhi ya gari husikika vizuri zaidi injini inapowashwa ikiwa baridi, na kwamba mnunuzi mwenye busara huomba kuliwasha gari lililolala. Rafiki yangu alinishauri nimwite fundi. Nilikataa. Nilichelea kuonekana mshamba asiyejua kununua gari. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini methali tuliyoifundisha jana darasani huwa ngumu kuikumbuka leo tukiwa na fedha mfukoni.

Hapa, msomaji, naomba univumilie nikueleze jinsi nguvu inavyosafiri ndani ya gari kama lile, ili upate kuelewa yaliyonifika.

Injini huzaa nguvu, lakini nguvu hiyo haifai kitu mpaka ifike pale mpira unapokutana na barabara. Safari yake ni ndefu. Hutoka katika injini ikaingia katika giaboksi; hapo hupita katika boksi la pili, ambalo huigawa kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma; kisha hupita katika vyuma virefu viitwavyo shafti, ikafika katika difu, na mwisho ikaingia katika ekseli na magurudumu.

Giaboksi ya gari langu ilikuwa ile inayojibadilisha yenyewe, isiyo na klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Mahali pa klachi pana chombo cha mviringo kilichojaa oili. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga, yanayoelekeana. La kwanza huzungushwa na injini nalo huisukuma oili. Oili nayo hulizungusha la pili. Chukua feni mbili uziweke zikitazamana, kisha uwashe moja. Ile ya pili itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Hiyo ndiyo siri yake. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyevumbua njia hii ya kupitisha nguvu katika majimaji, mwaka 1905, akikusudia kuendesha meli. Baadaye njia hiyo iliingia katika magari, na mwaka 1939 Wamarekani walianza kutengeneza kwa wingi giaboksi za kujibadilisha zenyewe.

Kwa hiyo oili ya giaboksi kama hiyo ina kazi nne: hubeba nguvu, husukuma sahani zinazoshika na kuachia gia, hulainisha vyuma, na huondoa joto. Mtu akiidharau oili hiyo ameidharau giaboksi yote.

Difu nayo ina akili yake. Gari linapokata kona, gurudumu la nje huenda safari ndefu kuliko la ndani, kama askari wa pembeni katika gwaride linalogeuka. Difu huyaruhusu magurudumu hayo mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti huku yote yakivuta. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilifumbua fumbo hilo mwaka 1827, kabla watu hawajawa na magari kama haya yetu.

Sasa nirudi kwenye masaibu yangu. Mwezi wa kwanza gari lilinifurahisha. Mwezi wa pili lilianza kusema. Asubuhi nilipoitia gia ya kurudi nyuma, lilisita kitambo kabla ya kuondoka, kama mtoto anayeitwa akajifanya hakusikia. Nilipotoka gia ya nyuma kuingia ya mbele, chini ya sakafu paligonga, ngo! Nilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nyuma palivuma kama mzinga wa nyuki, na mvumo ule ulibadilika kila nilipoinua mguu katika kichapuzi. Mwezi wa tatu likaanza kutetemeka katika barabara iliyonyooka, kana kwamba linapita juu ya matuta madogo yasiyoonekana.

Unadhani nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Sikutaka kumwuliza mtu, maana kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nilikosea kununua, na fedha nyingine haikuwa yangu. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Siku moja ya mwezi wa Julai nilimpeleka mama hospitalini Voi. Jioni tulirejea, sisi na kaka yangu, na nyuma nilikuwa nimepakia magunia ya saruji. Tulipopita Mwatate tukaanza kupanda, nilisikia injini ikinguruma kwa nguvu huku mwendo ukipungua. Nilikanyaga zaidi. Injini ilipiga kelele zaidi, na gari likasimama katikati ya kona. Kisha likaanza kurudi nyuma polepole. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kaka yangu aliruka chini gizani, akatafuta mawe, akayaweka nyuma ya magurudumu kwa mikono yake. Upande wa kushoto palikuwa na bonde.

Tulikaa pale kimya. Harufu kali ya kitu kilichoungua ilituzunguka. Ndipo mama yangu aliponiuliza kwa upole, "Mwanangu, gari hili limekuwa likilalamika tangu lilipokuja nyumbani. Hukulisikia?"

Sikuwa na jibu. Tulisaidiwa na watu wa matatu iliyokuwa ikipanda. Walimbeba mama, wakamfikisha nyumbani. Mimi nililala ndani ya gari.

Kesho yake gari lilivutwa mpaka gereji ya fundi mmoja mzee huko Voi. Mzee huyo hakuniuliza gari ni la mwaka gani wala nimelinunua kwa kiasi gani. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa katika karatasi nyeupe, akanipa ninuse. Oili hiyo ikiwa mpya aghalabu huwa nyekundu na safi. Yangu ilikuwa nyeusi, inanuka kama mkate ulioungulia motoni.

"Mwalimu," akasema, "sahani za ndani zimeteleza mpaka zikaungua. Mtu alibadilisha oili hii kabla ya kukuuzia, ili uione nyekundu. Oili mpya haiponyi sahani iliyokwisha."

Alinionyesha na sababu. Bomba la kupozea oili lililokuwa mbele ya redieta lilikuwa limezibwa na matope makavu, hata upepo haukupita. Na kila mlima niliopanda ulikuwa ukiipika oili ile. Alisema nilikuwa na bahati kidogo, kwa kuwa yako magari ambayo bomba hilo hutoboka ndani ya redieta, maji na oili vikachanganyika vikawa kama maziwa ya rangi ya waridi, na hapo gundi ya sahani huachia upesi sana.

Halafu aliingia chini ya gari. Ile ngo! ilitoka katika krosi, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha shafti kupinda huku inazunguka. Haikuwa imetiwa grisi siku nyingi, na vumbi lake lilikuwa jekundu kwa kutu. Fimbo ya kuingiza nguvu katika magurudumu ya mbele ilikuwa imeganda, kwa sababu mimi sikuitumia hata mara moja, wala pengine aliyenitangulia. Mwisho alifungua difu ya nyuma. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama uji, na ndani yake mlikuwa na unga wa mbao.

"Hii ni hila ya zamani," akasema. "Unga wa mbao huzibana kelele za meno yaliyolika. Hudumu kiasi cha kumaliza biashara."

Msomaji, nilitetemeka kwa hasira. Nilimlaani mtu yule wa Mombasa mbele ya watu wote. Mzee aliendelea kujifuta mikono. Kisha akanitajia gharama ya kazi yote: shilingi 340,000. Sikuwa na hata robo yake.

Siku ile ile dalali mmoja alinifuata nje ya gereji. Alikuwa na shauri jepesi. Tutie oili mpya nyekundu, tulioshe gari, na mnunuzi aje asubuhi kukiwa na baridi, alijaribu katika barabara tambarare, asilipandishe mlima. "Mwalimu," akaniambia, "wewe si uliuziwa hivyo hivyo?" Nami, niliyekuwa nikimlaani mwongo asubuhi, nilikubali kabla ya jioni. Nilijiambia kwamba nataka kurudisha fedha za kaka yangu. Sababu njema haikosekani mtu anapotaka kufanya baya.

Mnunuzi alikuja siku ya tatu. Alikuwa kijana, mwalimu kama mimi, amefuatana na baba yake. Aliufungua mlango akaufunga, nikaona uso wake ukifurahi kwa mlio ule mzito. Walizunguka nalo kidogo barabarani. Yule baba alipoambiwa kazi yangu alitabasamu, akasema, "Basi hatuna haja ya fundi. Mwalimu hawezi kutudanganya." Akanihesabia shilingi 50,000 za kutangulia, nami nikazipokea.

Nalala na fedha zile usiku ule, lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nikimsikia mama akiniuliza kama sikulisikia gari likilalamika. Mtu wa Mombasa aliniuzia gari bovu bila kunijua. Mimi nilikuwa nawauzia watu walioniamini kwa jina la kazi yangu. Kati yetu wawili, ni yupi aliyekuwa mbaya zaidi?

Asubuhi niliwapigia simu, nikawaomba waje gerejini. Mzee fundi akawaonyesha karatasi yenye oili nyeusi na mkebe wa unga wa mbao. Sikujitetea. Yule baba alizihesabu fedha zake mara mbili, akazitia mfukoni, akanitazama. "Ungesema jana," akanena, wakaenda zao. Hakunishukuru, wala hakuwa na sababu ya kunishukuru.

Nilikopa katika chama chetu cha ushirika, gari likatengenezwa, nikalipa deni lile kwa miaka mitatu. Fedha za kaka yangu zilikwisha kurudi mwaka 2021. Gari ninalo mpaka sasa, na hupanda mlima ule bila kigugumizi.

Nikupe mafunzo machache ya mzee yule, maana ni mali kuliko gari lenyewe. Ukitaka kununua gari lililotumika, nenda likiwa baridi, na uliwashe wewe. Pima oili ya giaboksi kama inavyoelezwa katika kitabu cha gari, uitazame rangi na kuinusa. Itie gia ya mbele, kisha ya nyuma, usikilize kama linasita au linagonga. Liendeshe mpaka lipate moto, ulipandishe mlima, kwa kuwa giaboksi iliyochoka huficha siri yake ikiwa baridi na huitoa ikiwa moto. Inua mguu na ukanyage tena, usikie kama difu inaimba. Hakikisha magurudumu yote manne ni ya kipimo kimoja, kwani yakitofautiana, mashine za kugawa nguvu huumia. Nguvu ya magurudumu ya mbele, kama huingizwa kwa fimbo, iingize mara moja moja katika njia ya vumbi au matope ili isigande, lakini usiiache katika lami kavu. Na mchukue fundi pamoja nawe, hata kama utaonekana mshamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu uligharimu shilingi 340,000.

Juu ya hayo naongeza langu moja. Gari halijui kusema uongo. Lina kugonga, kuvuma, kusita na kutetemeka, na kila sauti ina maana yake. Uongo huanza kwa mtu anayeisikia sauti hiyo akanyamaza, awe muuzaji au mwenye gari. Nimekuwa wote wawili. Siku hizi, nikipita Mwatate na kuanza kupanda, mimi huzima redio.