Karoti za Watu

Nilikwenda kwa dada yangu Desemba, nikiwa na begi moja la nguo za mtumba nilizonunua Karume na kinyongo cha mwaka na miezi mitatu. Nguo zilishindwa na baridi siku ya kwanza. Kinyongo kilidumu kidogo zaidi.

Nikieleze. Baba alifariki mwezi Agosti. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo kwetu Waislamu, kule nyumbani Lushoto, kwa hiyo hakuna aliyemtarajia dada awahi maziko kutoka Marekani. Lakini arobaini ilikuwa mwishoni mwa Septemba, na tulimwambia mapema kabisa. Akasema hawezi kuja. Mboga zimeiva, akasema, na ni za watu. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki yote hapa. Kwa ufupi nilimwambia kwamba amechagua karoti za Wazungu kuliko baba yake. Tangu siku hiyo tukawa ndugu wa kutumiana salamu za Idi.

Mwaka uliofuata nikapata mafunzo ya miezi mitatu Boston. Yalipokaribia kuisha, mama akanipigia. Hakubembeleza. "Usirudi hapa bila kumwona dada yako," akasema, akakata simu. Basi nikapanda basi la kwenda Springfield, kama saa mbili hivi, nikamkuta shemeji ananisubiri na koti kubwa mkononi. Mmarekani huyu anaongea Kiswahili cha kujifunzia jikoni: anajua majina ya vyakula vyote na matusi mawili.

Shamba lao lipo magharibi mwa Massachusetts, si mbali na mto Connecticut. Ni ekari tatu tu. Mkulima wa Soni angeweza kucheka. Lakini ekari hizo tatu zinalisha familia sitini, kwa utaratibu ambao mwanzoni niliuona kama upatu wa mboga. Kati ya Januari na Machi, theluji ikiwa bado imefunika kila kitu, watu wanakuja kununua hisa. Wanalipa dola mia kadhaa kwa msimu ambao mbegu zake bado ziko kwenye pakiti. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kila wiki wanachukua kapu la kile kilichopatikana. Kikipatikana kingi wanapata kingi, na nyanya zikiugua, wanakosa nyanya wote pamoja na mkulima. Wachache wana hisa ya majira ya baridi pia: kila baada ya wiki mbili wanachukua viazi, karoti, vitunguu, maboga, na spinachi kidogo kutoka kwenye vitalu nyumba.

Mwandishi wa habari hawezi kuona kitu asikitafutie asili yake. Hapo hapo Massachusetts, katika mji mdogo wa South Egremont, shamba la Indian Line lilianza mfumo huu mwaka 1986. Mwaka huohuo shamba la Temple-Wilton likaanza New Hampshire. Wajapani walikuwa wametangulia: tangu miaka ya 1970 wana kitu wanachokiita teikei, ambapo familia za mjini zinafunga mapatano ya moja kwa moja na mkulima. Na kule Alabama, katika chuo cha Tuskegee, profesa mmoja mweusi, Booker T. Whatley, alikuwa akiwahimiza wakulima wadogo wawe na wateja wanachama wanaolipa kabla, wasikae kungoja rehema za soko. Nilimweleza dada haya yote kwa msisimko. Akaniangalia, akanipa beleshi.

Kazi za shamba wakati wa baridi si nyingi ila haziishi. Kuna theluji ya kuondoa njiani, kuku wa kupelekewa maji ambayo baada ya saa chache yameshakuwa barafu, na kuni za kuingiza ndani. Kuna ghala la chini ya ardhi, ambapo karoti zinalala kwenye baridi na unyevu, viazi pembeni, gizani. Kila wiki unapita unatoa zilizooza kabla hazijaambukiza wenzake. Nje kuna vitunguu saumu vilivyopandwa Oktoba, vimelala chini ya nyasi kavu na theluji, havitavunwa hadi Julai. Na kuna vitalu nyumba viwili, bomba za chuma zilizopindwa na kufunikwa nailoni, bila moto wowote ndani. Spinachi humo haifi, lakini kuanzia mapema Novemba hadi mapema Februari haikui pia, maana mchana una chini ya saa kumi. Inasimama tu. Dada anasema ni kama imeshika pumzi.

Jua linazama saa kumi na nusu haijafika. Baada ya hapo ni jiko la kuni na watu wanne waliozoeana, na mimi. Wapwa zangu wawili, wa miaka tisa na sita, walinizoea kwa dakika tano. Neno mjomba wanalitamka vizuri kabisa. Dada anasonga ugali wa mahindi ya njano, ule ambao wazazi wetu waliuita unga wa Yanga enzi za njaa, na watoto wanaula kwa furaha kama keki. Kabla ya kula, kila mtu anataja jambo moja analoshukuru siku hiyo. Ni desturi ya nyumbani kwa shemeji. Usiku wa kwanza yule mdogo akasema, "Nashukuru kuku hawajafa." Mkubwa akashukuru kwamba kesho hakuna shule. Zamu yangu ilipofika nikasema alhamdulillahi, nikanyamaza. Dada naye akanyamaza. Ugali ulipoa kidogo.

Wiki ya tatu theluji ikaanguka usiku kucha, ile nzito yenye maji. Saa nane dada akanigongea mlango. Tukatoka watatu na mifagio mirefu, tukawa tunasukuma theluji kutoka juu ya nailoni, huku nyingine inashuka. Nilikuwa siwezi kuzihisi pua zangu. Kitalu cha kwanza tukakiokoa. Cha pili, saa tisa na kitu, kikatoa mlio kama mti unaopasuka, bomba za katikati zikalala taratibu, moja baada ya nyingine, na theluji ikafunika spinachi yote. Shemeji akatoa moja ya yale matusi yake mawili, kwa lafudhi safi. Dada hakusema kitu. Alisimama akiwa ameshika fagio, na kwa jinsi alivyosimama nilimwona baba.

Hapa lazima nirudi nyuma. Nilipokuwa kidato cha pili, na dada anasubiri ada ya kidato cha tano, baba alilima kabichi kwenye matuta yote aliyokuwa nayo, na mengine akakodi. Mbolea alikopa. Kabichi zilikubali, kwa kweli zilikubali mno, yetu na ya kila mtu. Akazipeleka mnadani Lukozi, akakuta kumejaa. Dalali akamtajia bei ambayo isingerudisha hata gharama ya kubebea. Kwenye viazi tulizoea kuibiwa kwa lumbesa, gunia lililovimbishwa juu kama nundu na kulipwa kama gunia moja, lakini kabichi mwaka ule hazikupata hata mwizi. Baba akaziacha palepale. Akarudi kwa miguu, akasimama mlangoni, mama akamuuliza zimekwendaje. "Zimebaki," akasema. Ng'ombe akauzwa, dada akaenda shule. Hatukuliongelea tena.

Asubuhi baada ya kitalu kuanguka, dada akakaa mezani akawaandikia wanahisa. Aliwaambia yaliyotokea na kwamba msimu huu spinachi itakuwa ya kubahatisha. Mwanahisa mmoja akadai fedha yake, akarudishiwa bila maneno. Jumamosi wengine wakaja kama ishirini hivi, na mabeleshi, na sufuria la supu. Mzee mmoja mstaafu alikuwa amekuja na msumeno wa chuma. Walifukua, wakakata bomba zilizopinda, wakapanga zilizo nzima. Kwetu tungeita msaragambo, tofauti ni kwamba hawa hawakuwa wamepigiwa mbiu na mwenyekiti wa kitongoji. Wengine, kabla hawajaondoka, waliandika hundi za msimu unaokuja. Nilibaki nawashangaa. Jana yake walikuwa wamepata hasara, na leo wanalipa tena.

Jioni ile dada alikuwa na mikono iliyopasuka, akaniomba nimtafutie kwenye daftari la shamba tarehe waliyopanda spinachi mwaka juzi, apange upya. Ni daftari la kawaida: tarehe, zao, kilo, hali ya hewa. Anaandika kwa Kiswahili kwa sababu, anasema, ndiyo lugha anayohesabia. Nikafunua. Nikapitiliza. Nikajikuta Agosti.

"Karoti kilo 86. Nyanya 120. Matango 40. Mvua kidogo alasiri. Baba."

Basi, neno hilo moja, kwenye mstari wa hali ya hewa. Nikafunua hadi mwisho wa Septemba. Siku ya arobaini alikuwa ameandika viazi na maboga, na chini yake: "Saa tisa usiku hapa, saa nne asubuhi nyumbani. Wanasoma."

Aliniona nimeacha kufunua. Akaja akakaa.

"Hela zao nilishazila tangu Februari, mdogo wangu," akasema. "Nilinunulia mbegu. Nililipia bima ya hawa watoto. Nilitengenezea trekta. Zile karoti hazikuwa zangu tena. Shemeji yako peke yake asingeweza, na kibarua tulikuwa hatuna."

"Ungeniambia hivyo."

"Nilikwambia ni za watu. Ukasema ni za Wazungu."

Kuni zikalia jikoni. Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini maana watoto walikuwa wamelala. "Unaikumbuka ile siku ya Lukozi? Mimi nilikuwa nimekaa pale kizingitini. Kila Januari ninapopokea hela ya mtu kwa mboga ambayo haijaota, namkumbuka baba. Hakuna aliyewahi kumwambia, lima mzee, hata zikiharibika tutakuwa wote. Mimi nimeambiwa hivyo na watu sitini. Sasa ningewaachia zioze?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezoea kwamba shukrani ni neno la mwisho: umekula, umeshiba, unamshukuru Mungu na mpishi. Dada alikuwa ameshukuriwa kabla ya kulima, na shukrani yake kwa hao watu ilikuwa kubaki shambani hata siku ambayo moyo wake ulikuwa Lushoto. Nilimuuliza kama alijuta. Akasema ndiyo, kila siku, na kwamba angefanya vilevile. Akaniambia nilale, kesho kuna karoti za kuosha.

Tuliziosha wawili, ndani ya banda, kwa maji yaliyouma hadi kwenye kiwiko. Karoti za pale, zilizokaa ardhini hadi baridi kali, ni tamu ajabu, maana mmea ukihisi baridi unageuza wanga kuwa sukari ili usigande. Nilikula nyingi kuliko nilizoosha. Katikati ya kazi nikamwambia nisamehe. Akasema, "Shika hilo karai vizuri." Usiku ule zamu yangu ya kushukuru ilipofika nilisema nashukuru karoti, na yule mpwa wangu mdogo akapinga kwamba karoti ni zake, alikuwa amepanga kuzisema yeye.

Nilirudi Dar mwishoni mwa Januari, joto likanipokea uwanja wa ndege kama jirani mwenye umbea. Mtoto wa baba mdogo ndiye anayelima yale matuta ya baba sasa. Nikaongea na wenzangu watano ofisini, tukachanga elfu hamsini hamsini, tukamtumia kabla hajapanda. Wakati nawaeleza walinisikiliza kama watu wanaosikiliza habari ya tapeli, lakini walitoa.

Mzigo wa kwanza ulikuja kwa basi, nikaufuata stendi ya Mbezi usiku. Gunia moja, limefungwa kawaida, halijavimbishwa. Karoti zenye udongo mwekundu, viazi, liki, na kabichi sita, moja imeoza upande. Aliyeangukiwa na hiyo iliyooza alilalamika siku nzima. Nikampigia dada kumsimulia. Kule ilikuwa asubuhi, walikuwa wanapanda miche.

"Yule wa kabichi iliyooza," akauliza, "msimu ujao yumo?"

Nikamwambia bado hajasema. Akasema nisimsumbue, nimkatie ile nusu nzima nimpelekee mezani.